Ukungu wa kanda na ukungu wa filamu: shajara ya kunakili kanda 43

Hii ni shajara ya kazi ninayoifanya mezani kwangu usiku: kunakili kanda 43 za VHS na rili 6 za milimita 16 ziingie kwenye kompyuta kabla hazijafa. Rili zote na kama nusu ya kanda ni za Mzee mmoja aliyekuwa akionyesha filamu ukumbini. Zilizobaki ni zangu. Karibu zote ni za aina moja, filamu za kutisha za polepole, ile ambayo sisi wakusanyaji tunaipenda na watu wengine wakiiona wanauliza, "Sasa hii inaanza saa ngapi?" Pesa kidogo, maneno machache, ufuo mtupu, korido ndefu, mtu anatembea dakika tatu na hafiki. Hakuna anayeeleza kitu. Ikiisha, unabaki umekaa.

Naandika ili mwenye sanduku lake la kanda aweze kufuata, au angalau asirudie upuuzi wangu. Hatua zilizokwenda sawa nazipita haraka. Makosa nayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyokula muda. Gharama nazihesabu kwa saa, vifaa na fremu zilizopotea, maana bei ya vifaa vya zamani haina mwenyewe.

11 Januari: Kuhesabu na kunusa

Kanda zote nimezimwaga sakafuni na kuzigawa. 28 zinaonekana nzima. 9 zina ukungu: ukichungulia kwenye kidirisha cha kaseti unaona unga mweupe pembezoni mwa mviringo wa kanda. 4 zimekatika au zimejikunja. 2 hazina maandishi hata herufi moja.

Rili nimezifungua moja moja na kunusa. Filamu ya asetati (aina ya plastiki) ikianza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na harufu hiyo haijifichi: rili 2 zilinipiga puani kabla kopo halijafunguka vizuri. Nimezihamishia chumba kingine, kwa sababu mvuke wake huwaharakisha majirani nao waoze, na makopo yake nimeyalegeza yapumue.

Foleni nimeipanga kwa uadimu. Ile ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine itakuwa ya kwanza.

(Nyongeza ya Mei: hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Foleni hupangwa kwa ugonjwa. Kanda yenye ukungu na rili yenye siki haziangalii sifa zake.)

2 Februari: Deki ya wagonjwa

Adimu kuliko zote ilikuwa na ukungu kidogo tu, nikajiambia kidogo hakidhuru. Nikaitia kwenye deki yangu nzuri. Picha ilikaa dakika kumi hivi, ikaanza chenga, kisha ikapotea kabisa, ikabaki sauti peke yake. Kilichonigharimu hasa ni nilichofanya baada ya hapo: niliitoa, nikatia kanda nyingine ili nione kama deki ndiyo mbovu. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Hadi nalala nilikuwa nimepitisha kanda 5 safi juu ya vichwa vya deki, vile vinavyosoma kanda, vikiwa vimejaa vumbi la ukungu. Leo, wiki tatu baadaye, 3 kati ya hizo zina madoa meupe. Wagonjwa 9 wamekuwa 12, na mimi ndiye niliyewaambukiza.

Halafu nikasafisha kichwa cha deki kwa kijiti cha pamba cha masikio, nikisugua juu na chini. Usifanye hivyo. Nyuzi za pamba hunasa kwenye kichwa, na kwenda juu na chini hukivunja. Changu kilivunjika. Kichwa husafishwa kwa kipande cha ngozi laini kilicholowa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ukikishikilia bila kukisogeza huku ngoma inayobeba kichwa ukiizungusha polepole kwa mkono.

Utaratibu wa sasa ni huu. Kanda yenye ukungu inafungiwa kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu hadi ukungu ukauke uwe unga. Kisha naipeleka nje, nimevaa barakoa na glavu. Nimetenga deki moja kuukuu, nimeivua mfuniko, kazi yake ni wagonjwa tu. Kanda inarudishwa nyuma taratibu ikipita katikati ya kitambaa kisichotoa nyuzi, na kitambaa kinabadilishwa kila mara. Deki inasafishwa baada ya kila kanda, hata kama macho yanakuambia ni safi.

Muda: saa moja na nusu kwa kanda moja. Hasara: deki moja nzuri. Kati ya 12, zimepona 11. Ile ya kumi na mbili ilipopita kwenye kitambaa iliacha rangi ya kahawia, nami nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Ule ukahawia ndio picha yenyewe.

24 Februari: Shufwa na witiri

Kanda 11 za mwanzo nilizinasa kwa mipangilio iliyokuja na programu, nikaziweka kando nikijisifu. Juzi nikaangalia moja kwenye skrini kubwa. Kuna mahali mwanamke anapita ufuoni kutoka kushoto hadi kulia, kamera haisogei, hakuna muziki. Kwenye kanda anateleza kama kivuli. Kwenye faili yangu anakwenda kwa kushtukashtuka, kama anasukumwa mgongoni na mtu asiyeonekana.

Sababu yake: picha ya kanda haiji nzima. Inakuja nusunusu, mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa (au kinyume chake), nusu 50 au takriban 60 kwa sekunde kutegemea mfumo. Programu ilizichanganya nusu hizo papo hapo na kutupa sehemu ya mwendo, kisha ikaibana faili iwe ndogo. Kilichotupwa wakati wa kunasa hakirudi. Kwenye filamu ya ngumi na magari pengine nisingeona. Lakini hapa mwendo wa yule mwanamke ndiyo filamu yenyewe. Ukimharibia mwendo umebakiwa na mchanga.

Kwa hiyo zote 11 zimerudiwa. Sasa nanasa hivi: deki, waya wa S-Video, kifaa cha TBC cha kutuliza picha inayotetemeka, kadi ya kunasia, na faili ya FFV1 ambayo inabana bila kutupa kitu. Mistari inabaki kama ilivyo, na kuiunganisha ni kazi ya baadaye, juu ya nakala. Saa moja ya kanda inachukua karibu gigabaiti 30. Kazi nzima itakaribia terabaiti 2, mara tatu, kwa kuwa kila faili ina nakala tatu na mojawapo inalala jengo jingine. Kila faili naipigia hesabu ya SHA-256, namba inayobadilika faili ikiguswa hata kidogo, na kuiandika.

Muda uliopotea: saa 19. Diski mpya: mbili zaidi ya nilizopanga.

17 Machi: Dakika nne

Hapa nitajiaibisha.

Nina nakala mbili za filamu ninayoiita "ya kisima." Lebo zote mbili zimefutika na utangulizi umekatika, jina silijui. Nakala moja ni dakika 92. Nyingine ni dakika 88. Mkusanyaji akiona tofauti ya dakika nne damu inachemka. Uingereza, baada ya sheria ya kanda za video ya 1984, filamu zilikuwa zikikatwa au kunyimwa kibali, na kulikuwa na orodha mashuhuri ya filamu 72 zilizotazamwa na waendesha mashtaka. Kwa wakusanyaji orodha ile iligeuka kuwa orodha ya manunuzi. Nami nikaamini nina toleo lililokatwa na mkasi wa serikali. Nikaandika hivyo kwenye daftari la filamu. Nikawaambia watu watatu. Mmoja akatoa kanda yake nzuri kubadilishana nami ili apate nakala ya ile "nzima."

Kisha nikaanza kutafuta zilipo dakika nne. Niliziweka nakala mbili ubavu kwa ubavu, usiku baada ya usiku kwa wiki nzima. Kila tukio lilikuwapo kwenye zote mbili. Kisima kipo. Mtoto yupo. Mbwa yupo. Lakini nakala fupi ilikuwa ikitangulia kidogo kidogo, kila dakika ikizidi kwenda mbele, kama watu wawili wanaotembea pamoja mmoja akiwa na haraka.

Masikio ndiyo yaliyonitoa gizani. Kwenye nakala fupi organi ilikuwa juu kidogo, nyembamba kidogo. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL, televisheni yao huonyesha fremu 25, na njia rahisi ilikuwa kuikimbiza filamu kidogo tu. Zidisha 92 kwa 24, gawanya kwa 25: unapata 88. Hakuna aliyekata kitu. Niliyebadilishana naye nimemrudishia kanda yake na maelezo marefu. Alicheka kuliko nilivyotaka.

Sasa kabla sijaandika neno "imekatwa" nazidisha muda kwa 0.96. Na kwenye nakala ya kutazama (siyo ile ya kuhifadhi) naipunguza kasi, picha na sauti pamoja. Asilimia nne inaonekana si kitu. Lakini sikilizeni organi ikishuka mahali pake, na yule mtoto akichukua muda wake wote kufika kisimani, ndipo mtajua kilichokuwa kimeibwa.

Anayetaka kufanya zoezi hili kwa filamu inayopatikana kirahisi achukue *Carnival of Souls* ya 1962. Marekani ilitolewa bila tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya umma, na kila mwenye mashine akainakili. Nakala zimejaa, hazifanani, na muziki wake ni organi mwanzo hadi mwisho. Organi inasema kweli haraka.

9 Aprili: Programu ilikausha mvua

Baada ya kunasa kanda 30 nilianza kusafisha. Kuna programu zinazotambua uchafu: kitu kinachoonekana kwenye fremu moja na hakipo kwenye iliyotangulia wala inayofuata, hicho ni doa, kinafutwa. Matokeo yalinifurahisha. Chenga zimekwisha, kuta zimetulia. Nikamtumia Mzee dakika tano za filamu moja, mwanamume amesimama nje ya lango usiku.

Akanipigia. "Mwanangu, mvua umeipeleka wapi?"

Nikamwambia hakukuwa na mvua, zilikuwa chenga za kanda.

"Filamu hii nimeionyesha mwezi mzima. Yule bwana analoa. Tazama kola ya koti."

Nikarudi kwenye faili ghafi. Nikasimamisha fremu. Kola imelowa, imelala, inang'aa. Nikasogeza fremu moja: mistari mifupi, mepesi, imeinama kulia. Fremu inayofuata: mistari mingine, mahali pengine. Kwa hesabu ya programu, tone la mvua na doa la uchafu ni ndugu, vyote vipo fremu moja na vinatoweka. Ilifuta mvua yote, ikaacha mtu aliyelowa chini ya anga kavu. La kushangaza ni kwamba nilikuwa nimeitazama mara mbili nikaona iko sawa. Nikasema hata lile koti linalong'aa ni "mwanga mzuri."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari neno lenyewe. Sisi kwa bahati tuna neno moja, ukungu, kwa unaokula kanda na kwa ule unaotanda asubuhi. Kazi yangu yote ni kufuta wa kwanza bila kugusa wa pili, na mashine haijui tofauti. Mwongozaji Carl Theodor Dreyer alipotengeneza *Vampyr*, iliyotoka 1932, yeye na mpiga picha wake Rudolph Maté waliweka kitambaa cha shashi mbele ya kamera ili picha iwe na utusitusi, kila kitu kionekane kama kimeamka sasa hivi. Mpe programu yangu filamu ile, itakutafutia shashi na kuing'oa, na itajisifu.

Nimefuta usafishaji wa filamu zote 14 nilizokuwa nimemaliza. Saa 26. Sasa nasafisha kwa mkono: nafuta kile ambacho najua kimewekwa na kanda, kama mstari wa chini wa kichwa cha deki, mikunjo, na mahali sauti inapokatika. Chembe za filamu naziacha. Nikiwa na shaka naacha. Nikiwa na shaka kubwa nampigia Mzee.

30 Aprili: Usiku uliogeuka mchana

Kosa hili ni binamu wa lililopita, lakini hili nililifanya kwa mkono wangu, siwezi kusingizia programu.

Filamu mojawapo ilikuwa na nusu saa ambayo haionekani. Giza tupu, mtu anahema, majani yanakwaruza. Nikasema kanda imefifia, nikapandisha mwanga. Kikatokea kitu cha ajabu: mwanamke amebeba taa, anatetemeka, anaangaza njia, katikati ya jua kali. Ana kivuli kirefu ardhini. Nyuma yake anga nyeupe na mawingu ya saa tisa alasiri.

Wasiokuwa na pesa za kumulika msitu usiku walipiga mchana, wakapunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, na maabara ikamalizia kuifanya iwe nyeusi. Ukipandisha mwanga umeivua nguo. Ni ujanja wa zamani sana. *Nosferatu* ya Murnau, ya 1922, ina matukio ya usiku yaliyopigwa juani, na kopi zake zilitiwa rangi ya buluu kumwambia mtazamaji kwamba huu ni usiku. Kwa miaka mingi watu waliiona kwenye nakala zisizo na rangi ile, mnyonya damu anatembea mchana kweupe kubeba jeneza lake, wakadhani mtengenezaji hakujali. (Na tuna bahati kuiona kabisa. Mahakama ya Ujerumani iliamuru mwaka 1925 nakala ziteketezwe, baada ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa *Dracula*, kushtaki. Iliponea kwa nakala zilizokuwa zimeshasambaa.)

Suluhisho langu ni la kienyeji. Natazama vivuli. Vikiwa vikali na vyote vinaelekea upande mmoja, nashuku jua, na giza naliacha lilivyo. Nimeacha pia kurekebisha mwanga saa za mchana, dirisha likiwa wazi. Filamu ya giza hurekebishwa gizani, la sivyo jicho linadanganya na mkono unafuata.

Saa zilizopotea: 6. Nakala iliyoharibika: hakuna, kwa sababu faili ghafi sizigusi tena.

28 Mei: Rili

Nimechelewa kufika kwenye rili, na zile 2 zenye siki zimelipia. Asetati ikioza husinyaa. Matundu ya pembeni yanasogeleana, meno ya projekta hayaingii tena yanapotakiwa, na filamu inachanika. Najua hayo yote. Bado nilitia rili moja kwenye projekta ya Mzee "nione kidogo tu," kwa sababu ni moja ya filamu ambazo hakuna kati yetu aliye na kanda yake. Ilipita vizuri sekunde kama ishirini. Kisha sauti ya kama mtu anararua shuka.

Futi 3. Milimita 16 ina fremu 40 kwa futi, kwa hiyo ni fremu 120, sekunde 5. Nimezipima na kuziandika kwenye daftari, na vipande nimevihifadhi kwenye bahasha. Mzee hakuniambia neno. Alizima taa ya projekta, akakaa, akanywa maji.

Sasa rili hazipiti kwenye projekta. Nimetengeneza kifaa cha kupitisha filamu kwa vigurudumu laini visivyo na meno, kamera inapiga fremu moja moja kwa kulenga tundu. Ni polepole: rili ya futi 1,600, yaani dakika 44 za filamu, inachukua usiku tatu. Michoro ya kifaa nitaiweka ikikaa sawa, sasa hivi kinashikiliwa na gundi na dua.

Rili 3 za rangi zimekuwa nyekundu kabisa. Ni ugonjwa wa kawaida wa kopi za rangi za kabla ya miaka ya 1980: rangi ya samawati inatoroka kwanza, inabaki waridi. Kuirudisha kwa kompyuta nimeweza nusu. Bahari imekuwa bahari, nyuso zimekuwa za kijani. Naendelea.

22 Juni: Nimefuta safu ya uadimu

Daftari la filamu lilikuwa na safu ya uadimu, kutoka 1 hadi 5. Nimeifuta. Waliosema kizuri chajiuza hawakuwahi kukusanya filamu, sawa, lakini nilipozipitia zote upya kwa masikio na macho, zilizokuwa na 5 nyingi nilikuwa nimeziona mara moja tu, siku zilipofika. Zile ninazozirudia usiku zina 2 au 3. Uadimu ni habari za soko, na soko hugeuka siku moja.

Mifano ipo. *Metropolis* ilidhaniwa imepotelewa na sehemu kubwa milele hadi 2008, ilipopatikana kopi ya milimita 16 kwenye jumba la makumbusho ya filamu la Buenos Aires, ikiwa na kama dakika 25 ambazo hazikuwa zikionekana. Kopi ya *The Passion of Joan of Arc*, ya 1928, ilikutwa 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili nje kidogo ya Oslo. *Wake in Fright*, ya Australia ya 1971, negativu zake (filamu ya asili ambayo kopi hutolewa kwayo) zilipatikana 2004 Pittsburgh, kwenye masanduku yaliyoandikwa kwamba ni ya kuteketezwa. Aliyekuwa akijivunia kanda yake chakavu aliamka hana cha adimu tena. Akiwa anaipenda filamu, siku ile ilikuwa sikukuu. Akiwa anaupenda uadimu, ulikuwa msiba.

Badala ya safu ile nimeandika swali: nini kinakosekana hapa? Hilo ndilo linaloonekana kunivuta. Herk Harvey alikuwa akitengeneza filamu za viwanda na za elimu huko Lawrence, Kansas. Akapita kwa gari kando ya Great Salt Lake, akaona jumba la starehe la Saltair limesimama tupu, na *Carnival of Souls* ikazaliwa kutokana na jumba hilo. Hakuwa na pesa za kujaza watu, kwa hiyo mahali ni patupu. Yule mwanamume mwenye uso uliopauka anayemfuata msichana ni Harvey mwenyewe. Filamu tajiri ingejaza ukumbi ule wacheza dansi mia, ingeeleza mizimu ilitoka wapi, na nisingekumbuka chochote.

Kwenye daftari, basi, sasa kuna maandishi kama haya: "Hakuna mtaa wenye watu. Sauti imewekwa baadaye, hatua hazilingani na miguu. Hatuoni mama." Mtu akisoma hayo anajua kama ni filamu yake.

20 Julai: Koti

Ile ya kisima imetoka kwenye Blu-ray, imetengenezwa kutoka negativu yenyewe. Jina lake sasa ninalo, ila kwetu itabaki ya kisima. Ni dakika 92. Nilipiga makofi peke yangu.

Kisha nikaitazama. Kuna tukio, saa moja hivi ndani, mtoto anachota maji na nyuma kabisa, mwisho wa ua, kuna mtu amesimama. Mtu huyo hasogei, hasemi, hakuna anayemtaja, na hatokei tena. Tumebishana kuhusu mtu huyo miaka. Ni baba aliyekufa, ni kifo, ni yule mchungaji. Kwenye daftari nilikuwa nimemwandikia mistari sita.

Kwenye diski mpya ni koti. Koti limetundikwa kwenye nguzo. Mshono wa bega unaonekana, na nadhani hata kitanzi.

Nilimpigia Mzee kabla filamu haijaisha. Alikaa kimya kidogo. "Kwenye kioo cha ukumbi lilikuwa koti siku zote, mwanangu. Ni nyinyi wa kanda mliomwona mtu."

Nimekaa na jibu hilo siku nne. Miezi sita nimekuwa nikigawa ukungu wa kanda na ukungu wa filamu kama mtu anayechambua mchele, na tukio ninalolipenda kuliko yote likaangukia upande wa kutupa. Diski mpya ni bora, sibishani: organi ina kina, maji ya kisima yana rangi, uso wa mtoto una woga ambao kanda ilikuwa imeufuta. Ile mistari sita sikuifuta. Nimeandika mbele yake: "VHS pekee." Na faili ya kanda, ile ya dakika 92 yenye chenga zake, nimeirudisha kwenye orodha ya kuhifadhi na nakala zake tatu, ingawa nilikuwa nimeshaiweka kwenye orodha ya kufutwa ili nipate nafasi.

Hali ya kazi hadi leo: kanda 40 zimenaswa na kuhakikiwa, 1 imekufa. Rili 4 zimekwisha, zile 2 za siki zinaendelea, usiku tatu tatu. Zimebaki kanda 2 zisizo na maandishi. Ya kwanza nimeianza jioni hii. Dakika sita sasa ni nyeusi, na kuna sauti kama upepo. Sijui kama ni filamu au ni deki. Nimezima taa, naiacha iende.